IrfanView: programu ndogo inayookoa picha zinazogoma kufunguka, maoni kutoka steshenari Moshi

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa steshenari, wa studio za picha, na yeyote mwenye kompyuta ya Windows nyumbani ambae kuna picha amezibonyeza zikamletea yale maandishi kwamba faili haliwezi kufunguka. Programu ninayoisifia inaitwa IrfanView. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, ni ndogo sana yaani hata bando la kuungaunga linatosha kuidaunlodi, inafanya kazi mpaka kwenye zile laptopu za zamani za Windows 7 zenye ram ya giga mbili ambazo bado zipo nyingi tu mtaani, na kwa maoni yangu ndo kitu cha kuinstoli mapema ukishamaliza kuweka Windows. Kwanini nasema hivo nitaeleza, na penye udhaifu nitasema pia maana upo.

Mimi nina steshenari hapa Moshi mjini, si mbali na stendi kuu, kazi zangu ndo zile zile za steshenari zote, passport size, kulaminate vyeti, kuskani, kadi za kipaimara na za harusi, ratiba za mazishi, picha za fremu, na msimu wa wageni ukichanganya kuna vijana wa mlimani, wale wanaopandisha wageni Kilimanjaro, wanaleta picha za wateja wao waliofika kilele cha Uhuru wanataka ziprintiwe kabla mgeni hajapanda ndege. Sasa unakuta kwa siku moja umepokea picha kutoka simu za kila aina, flashi za kila aina, memori kadi za kamera, imeili, WhatsApp, na lazima katikati ya hizo kuna zinazogoma. Unabonyeza mara mbili, ile programu ya Photos inayokuja na Windows inazunguka weee alafu inakuambia haiwezi kulifungua hilo faili, basi, imeishia hapo. Faili ni tupu? Limepewa jina la uongo? Ni fomati ambayo kompyuta yako haiijui? Limekatika katikati wakati wa kukopi? Kwa mtu wa kawaida ujumbe ni ule ule tu, wakati dawa ya kila moja ni tofauti kabisa, na hapo ndo watu wanapoteza picha, maana mtu akishaona ule ujumbe anaamini picha imekufa, anafuta, au anampa kijana wa mtaani flashi aiformati, kumbe ndani kulikuwa na picha nzima haijaguswa na kitu chochote. Hii inaniuma kweli. Picha ya mtu aliyefariki haipigwi tena.

IrfanView imetengenezwa na jamaa anaitwa Irfan Skiljan, mzaliwa wa Bosnia aliyesoma chuo kikuu cha teknolojia cha Vienna kule Austria, toleo la kwanza lilitoka 1996, na kwa sura yake utadhani bado tuko 1996 kwakweli lakini ngoja kwanza. Kitu kinachonifanya niipende ni kwamba haiamini jina la faili. Windows yenyewe inaangalia kile kiishio, zile herufi baada ya nukta, .jpg, .png na kadhalika, ikiona .jpg inaamua hii ni JPG na kumpa mhusika wake. IrfanView inachungulia ndani. Ukiifungulia faili linaloishia na .jpg ambalo ndani yake ni PNG inakufungulia picha yako na inakuuliza palepale, hili ni faili la PNG lenye kiishio kisicho sahihi, nilibadilishe? Unabonyeza Yes, kwisha. Hivo hivo kwa WebP, ile fomati ya Google ya 2010 ambayo siku hizi picha nyingi za intaneti zimo ndani yake, watu wanadaunlodi dizaini ya kadi au logo, wanaona .webp hawaielewi, wanairinemu kuwa .jpg, alafu Photoshop ya zamani inakataa na wao wanakuja kwangu wanasema faili lina virusi. Halina virusi, lina jina ambalo sio lake.

Na pale inaposhindwa kabisa inakuambia haijaweza kusoma kichwa cha faili, yaani zile alama za mwanzo zinazotaja aina yake, kwamba aidha fomati haijulikani, au faili ni tupu, au halipo pale linapotafutwa. Ujumbe mfupi lakini umeshakupa pa kuanzia. Raiti klik, Properties, angalia saizi. Ikiwa ni 0 bytes usihangaike na programu yoyote wala usilipe mtu akufungulie, hamna picha mle ndani, kuna jina tu, rudi kwa aliyekutumia mwambie akopi upya. Ikiwa ina MB zake mbili tatu basi kuna kitu, endelea.

Cha kufanya hapo, na hiki hakihitaji hata IrfanView, ni kufungua hilo faili kwa Notepad. Ndio, Notepad ile ya kuandikia. Utaona takataka tupu za alama ila macho yako yaangalie mstari wa kwanza tu. Ukiona JFIF au Exif karibu na mwanzo hiyo ni JPG. Ukiona herufi PNG zimekaa pale mwanzoni kabisa ni PNG. RIFF na mbele kidogo WEBP, ni WebP. Ukiona ftypheic ni picha ya iPhone. Ukikuta <html na maneno ya kawaida yanayosomeka basi aliyedaunlodi alidaunlodi ukurasa wa tovuti, picha hana. Alafu funga bila kuseva, nasisitiza bila kuseva, ukiseva kwa Notepad umeiharibu mwenyewe.

Kuna mama mmoja alikuja jioni na kijana wake, wana msiba, bibi amefariki huko Kibosho na mazishi ni kesho yake, wanataka picha ya fremu na ya ukurasa wa mbele wa ratiba. Picha nzuri ya bibi ilikuwa moja tu, alipiga mjukuu anayeishi nje kwa simu yake ya iPhone alipokuja Krismasi, akaituma kwa imeili, na huku nyumbani kuna dogo kwenye simu ya Android aliona inaishia na .heic akaona isiwe tabu akaibadilisha jina ikawa bibi.jpg. Walikuwa wameshazunguka sehemu nyingine mbili mjini wameambiwa faili limeharibika. Mama ananiambia, "Mwanangu, wamesema picha imeharibika, ila mimi kwenye simu ya yule mjukuu niliiona kwa macho yangu." Nikamwambia mama kaa kwanza, nikafungua kwa Notepad, mstari wa kwanza ftypheic hiyo hapo. Nikarudisha jina, bibi.heic, nikaiburuta kwenye IrfanView, na bibi akatokea, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya migomba na kitenge chake cha bluu, kila uzi wa kitambaa cha kichwa unaonekana. Yule mama alisimama akashika meza hakusema kitu muda mrefu, kijana ndo akaniambia, "Kaka, asante sana, prints zote tutafanyia hapa." Nikaiseva kama JPG kwa kuongeza nakala, ile ya mwanzo nikaiacha kama ilivyo, na nikawatumia zote mbili.

Kubadilisha .heic kuwa .jpg kwa kuandika jina tu ni kubandika lebo ya sukari kwenye mfuko wa chumvi, ndani haijabadilika hata punje, na ndo tatizo namba moja ninaloliona dukani kwa sasa kwahiyo nitakaa hapa kidogo. iPhone zilianza kuseva picha kwa HEIC kuanzia iOS 11 mwaka 2017. Sababu yao ni nzuri tu, picha yenye ubora ule ule inakula karibu nusu ya nafasi ya JPG. Shida ni upande wetu, Windows nyingi hazina kifaa cha kuisoma. Dawa ipo ya aina mbili. Ya kwanza ni upande wa kompyuta, unaingia Microsoft Store unatafuta HEIF Image Extensions, ile ni bure, na mara nyingi inahitaji na mwenzake HEVC Video Extensions ambayo wanaiuza dola 0.99, ni hela ndogo ila inataka kadi ya kulipia mtandaoni. Mimi nimeweka hizo pamoja na plagini za IrfanView, yaani vile viongezo vyake, na toka hapo HEIC kwangu ni picha kama picha nyingine. Ya pili ni upande wa simu, mwenye iPhone aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible, kuanzia hapo simu itapiga JPG. Angalizo, haibadilishi zile zilizokwisha pigwa, ni za mbele tu.

Vijana wa mlimani hii ya pili waikariri. Mgeni kapanda siku sita saba, kafika mita 5,895, kapiga picha mia na kitu pale kwenye bango, anakukopia kwenye flashi pale hotelini mnaagana, wewe unafika nyumbani unakuta HEIC tupu kwenye kompyuta ya ofisi hazifunguki na mgeni yuko hewani. Usimwandikie umwambie picha ni mbovu. Ziko sawa, zilete zibadilishwe. Kwenye IrfanView unabonyeza herufi B inafunguka sehemu ya kubadilisha picha nyingi kwa pamoja, unazichagua zote, unachagua JPG, unaionyesha folda ya kuwekea, Start, unaenda kunywa chai. Hii sehemu peke yake ingetosha kuifanya niisifie, maana tovuti za kubadilisha mtandaoni zinataka upakie picha za watu kwenye seva usiyoijua na bando linaisha kabla hujafika nusu.

Kingine cha iPhone, ukiichomeka kwa waya kwenye Windows ukawa unakopi alafu katikati inakata inakuletea kwamba kifaa hakifanyi kazi na picha nyingine zinakuja nusu, tatizo linakuwaga ni simu inajaribu kuzigeuza kuwa JPG wakati huohuo inazituma. Kwenye settings za Photos za iPhone shuka chini kuna Transfer to Mac or PC, toa kwenye Automatic weka Keep Originals. Zitakuja HEIC ila zitakuja nzima, utazigeuza mwenyewe ukishazipata.

WhatsApp nayo ieleweke. Mtu wa iPhone akikutumia picha kama picha ya kawaida inakufikia JPG, inafunguka popote, lakini imeshabanwa, kwa passport size sawa, kwa fremu ya A3 uso unakuwa wa ukungu ukungu. Akikutumia kama document inakuja ile ile ya mwanzo na ubora wake wote ila inakuja HEIC. Mimi nawaambia wateja tuma kama document, kufungua niachie mimi.

Sasa flashi. Hapa niwe mkali kidogo maana watu wanaibiwa. Zipo flashi na memori kadi zinauzwa bei ya kutupa zimeandikwa 128GB au hata 1TB, ukiichomeka kompyuta nayo inasoma hivo hivo, lakini ndani kuna chipu ndogo, labda 8GB, imechezewa iidanganye kompyuta. Unakopi picha za harusi nzima, majina yote yanaonekana, saizi zote zinaonekana, unaenda zako na amani. Ukija kufungua za mwanzo zinafunguka na baada ya pale zote zinagoma. IrfanView inalionyesha hili vizuri kuliko maelezo, fungua folda kwenye mwonekano wa vijipicha kwa kubonyeza T, utaona mistari ya juu bibi harusi, wasimamizi, keki, alafu ghafla kuanzia sehemu fulani kwenda chini ni vijisanduku vitupu mpaka mwisho wa folda. Ukiona mpaka wa namna hiyo, shuku flashi kabla hujashuku picha. Kuthibitisha kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw, kinaijaza flashi data alafu kinaisoma tena kuona kama kweli imehifadhi, uitumie kwenye flashi uliyokwisha itoa vitu vyote. Zile picha zilizopita ukomo hazikuwahi kuandikwa popote kwahiyo hakuna fundi wala programu itakayozirudisha, mtu akikuambia anazirudisha kwa hela nyingi usimpe. Rudi kwenye kamera au simu zilikotoka kama bado hujazifuta. Wapiga picha wa kipaimara nawaomba, msifute kadi ya kamera mpaka muone picha zimefunguka kwenye kompyuta, kuona jina haitoshi.

Virusi vya shortcut hivi vya intaneti kafe na maofisini navyo vipo bado. Unachomeka flashi unakuta folda zako zote zimekuwa shortcut, ukibonyeza hazikupeleki kokote, au flashi inaonekana tupu ila Properties inasema imejaa. Picha zipo, zimefichwa tu. Skani kwanza kwa antivairasi, Windows Defender ile ile ya kwenye Windows inatosha mara nyingi, alafu fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama flashi ni herufi E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze enter, subiri, zitatokea. Usibonyeze zile shortcut, futa.

Tofautisha hiyo na ile ambayo picha zote zimeongezewa mkia wa ajabu baada ya .jpg na kwenye folda kuna faili la maandishi linalodai hela. Hiyo ni ransomware, picha zimefungwa kwa ufunguo, wengi wanaipata kwa kuinstoli programu zilizokrakiwa. Hapo IrfanView haisaidii na kufuta ule mkia hakusaidii. Usifute chochote, tunza mafaili kama yalivyo, nenda kwenye tovuti ya No More Ransom iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi na Europol pamoja na kampuni za usalama wa kompyuta, unapakia sampuli wanakuambia kama ufunguo wake umeshapatikana. Ni bure. Baadhi ya aina zina dawa na baadhi bado, kwahiyo kutunza ndo muhimu.

Kwa picha zilizokatika, ile unafungua nusu ya juu inaonekana na nusu ya chini ni rangi ya kijivu, hiyo ni kukopi kulikatika, umeme ulikatika au mtu alichomoa flashi bila kui-eject. IrfanView huwa inakuonyesha kile kilichopo hata kama programu nyingine zimekataa kabisa, na ukiwa na bahati uso upo kwenye ile nusu ya juu, unakata, unaseva, unapata passport. Ile sehemu ya kijivu haitengenezeki, haipo. Kama chanzo bado kipo rudia kukopi.

Na hapo ndo nafika kwenye mpaka wa IrfanView, ni programu ya kufungulia na kugeuza, haifufui vilivyofutwa. Mtu akiniletea kadi ya kamera iliyoformatiwa kwa bahati mbaya, au inayomuuliza aformati kila akichomeka, natumia PhotoRec, nayo ya bure, ya mfaransa Christophe Grenier, inakuja pamoja na programu mwenzake inaitwa TestDisk. Inapuuza orodha ya mafaili inapita kwenye kadi yenyewe ikitafuta zile zile alama za mwanzo nilizowaambia za Notepad, na kila inapokuta mwanzo wa JPG inaitoa. Kuformati kwa haraka kunafuta orodha tu, picha zenyewe zinakuwa bado zipo mpaka uandike vitu vipya juu yake, ndo maana neno langu la kwanza kwa mteja ni moja, toa hiyo kadi kwenye kamera sasa hivi usipige hata picha moja. Picha zilizopatikana ziseve kwenye diski ya kompyuta, usizirudishe kwenye kadi hiyohiyo. Majina yanapotea, zinakuja na f na namba ndefu, utazipanga mwenyewe. Sura yake inatisha wasiozoea maana ni maandishi kwenye skrini nyeusi lakini ndani ya folda lake kuna qphotorec yenye vitufe vya kubonyeza, tumia hiyo.

Turudi kwenye IrfanView na mapungufu yake. Sura imezeeka, vitufe vidogo, mtu wa umri mkubwa anahangaika kuviona. HEIC na RAW, zile picha ghafi za kamera kama CR2 za Canon au NEF za Nikon, zinataka plagini ambazo unazidaunlodi peke yake, wengi wanainstoli programu bila plagini, inakataa RAW, wanasema ni mbovu. Ni ya Windows tu, mwenye Mac atafute nyingine, ingawa Mac inafungua HEIC bila msaada. Kwa passport size mimi background bado nabadilishia kwenye programu nyingine, hii sio ya hiyo kazi. Na wakati wa kuinstoli inakuuliza ihusishwe na fomati zipi, chagua zile za picha tu, ukichagua zote inakwenda kujibebesha na video na miziki.

La leseni nalo wenzangu tusikwepe. Bure ni kwa mtu binafsi nyumbani. Sisi wa biashara tunatakiwa kulipia, ni malipo ya kawaida kabisa ukilinganisha na programu nyingine za picha, na mimi nimelipia kwasababu huyu mtu anatulisha. Ukishaona kijana analipwa kwa kufungua picha kwa programu ya mtu mwingine alafu anatafuta kraki yake, na hizo kraki ndo zinaleta ransomware nilizosema juu, unaona kabisa anajikatia tawi.

Nyota zangu ni nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya plagini kuwa pembeni. Daunlodi kwenye irfanview.com yenyewe, sio kwenye zile tovuti zenye vitufe vikubwa vya kijani vya Download vinavyokuletea vitu vingine, chagua 64-bit kama Windows yako ni ya 64, na plagini uchukue za 64 pia, toleo moja na programu, la sivyo hazitashikana. Ukikwama na picha na uko Moshi, ilete kama ilivyo, na flashi yake, usiirinemu na usiruhusu mtu aiformati njiani.